Ukitoa Ngano, Unatia Nini?

Aliye jikoni aongeze sauti ya redio kidogo, maana mazungumzo ya leo ni ya jikoni hasa.

Leo tunazungumza kuhusu biskuti. Biskuti zisizo na chembe ya unga wa ngano, zilizotiwa ufuta, mbegu za maboga, na siagi ya njugu au ya korosho. Nina neno moja kubwa la kuwaambia, na nitalirudia mpaka likae: kuondoa ngano peke yake hakuifanyi biskuti kuwa ya afya. Afya inatoka kwenye kile ulichokitia mahali pa ngano. Kwa hiyo swali letu la leo ni hili. Ukitoa ngano, unatia nini?

Tuanze na chanzo cha maneno haya. Mtu yeyote aliyefanya kazi katika jikoni za hoteli za Diani, hapa Kwale, pwani ya Kenya, ameshawahi kumsikia mgeni akisema, mimi sili gluteni. Sasa maneno hayo yamevuka ukuta wa hoteli. Unayasikia dukani, unayasikia kwa vijana wa mazoezi, unayasikia kwa mama aliyeambiwa na daktari. Je, gluteni yenyewe ni kitu gani?

Njia nzuri ya kuijua ni kuishika kwa mkono. Kanda donge dogo la unga wa ngano kwa maji, kama unayetaka kupika chapati. Liache lipumzike kidogo. Kisha litie kwenye bakuli la maji na ulioshe, ukiliminyaminya taratibu. Maji yatageuka meupe kama tui. Yamwage, tia mengine, endelea kuosha. Ule weupe ni wanga unaotoka. Mwisho utabaki na kijidonge cha rangi ya kijivu, kinachonata na kuvutika ukikivuta. Hicho ndicho gluteni. Ni protini iliyomo ndani ya ngano, na ndugu zake wa karibu wamo katika shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndiyo inayoifanya chapati ivutike isikatike, na ndiyo inayoushika mkate ukaumuka.

Kwa watu wengi kijidonge kile hakina madhara yoyote. Nasisitiza hapo, ili mtu asiende kumwaga pakiti yake ya unga leo jioni. Lakini wapo wenye ugonjwa unaoitwa siliaki. Duniani wanakadiriwa kuwa kama mtu 1 katika kila watu 100, na wengi wao hawajui kama wanao. Mwenye siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake mwenyewe inaushambulia utumbo mdogo, mahali pale pale ambapo chakula hufyonzwa kuingia mwilini. Dalili zake? Kuharisha kusikokwisha, tumbo kujaa, kukonda, upungufu wa damu usiosikia dawa, mtoto kudumaa.

Ugonjwa huu ulivyofumbuliwa ni kisa cha kusikiliza. Kulikuwa na daktari wa watoto huko Uholanzi, jina lake Willem Dicke. Tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akishuku kwamba ngano ndiyo inayowaumiza baadhi ya watoto aliokuwa akiwatibu. Yakaja majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, njaa ikawashika Waholanzi, mkate ukaadimika. Watoto wengine wakadhoofu kwa njaa, lakini wale wagonjwa wake wakaanza kupata nafuu. Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Mwaka 1950 Dicke akayaandika matokeo ya uchunguzi wake, na tangu hapo dawa ya siliaki imekuwa ni kuacha gluteni, kabisa, maisha yote.

Sasa sikiliza vizuri, mama mwenye mtoto anayesumbuliwa na tumbo. Usianze kumwachisha ngano kwa kusikia redioni. Mpeleke kwanza hospitali, umweleze daktari, uulizie kipimo cha damu. Kwa nini kwanza? Kwa sababu kipimo kile kinatafuta alama za mwili kupigana na gluteni. Mtoto akiwa ameshaacha ngano kwa muda, alama zinapungua, na kipimo kinaweza kusema hana ugonjwa hali anao. Pima kwanza, acha baadaye. Narudia: pima kwanza, acha baadaye.

Haya, tumeshajua gluteni ni nini na nani wa kuiogopa. Tuje pwani kwetu.

Ukiangalia rafu za maduka makubwa, biskuti zisizo na gluteni utaziona zimeletwa kutoka nje, pakiti ndogo, bei kubwa. Mtu anaweza kudhani upishi huu umetoka Ulaya. Lakini nawauliza, bibi zetu walikuwa wakituandalia nini siku ya Idi? Hamkumbuki vileja? Unga wa mchele, samli, sukari, iliki, na yai. Vinafinyangwa vidogo, vinabonyezwa juu kwa kidole au uma, vinaokwa mpaka viive na kubaki vyeupe, na ukikitia mdomoni kinamung'unyika chenyewe. Hicho ni kileja, na ni biskuti isiyo na gluteni. Siku hizi wako wanaochanganya ngano, lakini kileja chenyewe cha asili ni cha mchele.

Na si vileja peke yake. Vitumbua ni mchele. Vibibi ni mchele na tui. Mkate wa sinia ni mchele, tui na hamira. Mkate wa mofa wa mtama hauna ngano ndani yake. Basi ujuzi wa kupika bila ngano tunao nyumbani, tena wa siku nyingi. Tulichobakisha ni kuuendeleza.

Hapa ndipo linapokuja neno langu kubwa. Kileja ni kitamu, na mimi ni mpenzi wake. Lakini mchele mweupe uliosagwa ni wanga karibu mtupu. Unga wa muhogo vivyo hivyo, wanga. Unatia nguvu, ndiyo, ila protini ni chache na madini ni machache. Na kuna jambo wengi hawalijui: tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inawataka wenye viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na vitamini katika unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa kwenye pakiti. Unga wa mchele au wa muhogo uliousaga mwenyewe hauna nyongeza hiyo. Kwa hiyo mtu akitoa ngano akatia wanga mtupu na sukari, amejipunguzia lishe huku akidhani anajitendea wema. Hata hizo pakiti za bei kubwa za kutoka ng'ambo, geuza usome nyuma. Nyingi ni wanga, mafuta na sukari.

Ndiyo nauliza, ukitoa ngano, unatia nini?

Tia njugu, ambazo robo ya uzito wake ni protini. Tia korosho, yenye protini na magnesiamu. Tia ufuta, wenye madini ya chuma kwa wingi, na ukiutumia pamoja na ganda lake unapata kalsiamu nyingi pia. Tia mbegu za maboga, zile tunazozikwangua na kuzitupa kuku wakadonoa, kumbe zina zinki na protini ya kutosha kuzishinda njugu. Na vitu hivi vyote vinapatikana hapa hapa. Korosho za Msambweni na Lunga Lunga mnazijua. Ufuta unalimwa Kwale, unalimwa Kilifi, unalimwa Lamu. Maboga yako shambani kwa jirani.

Sasa tupike. Chukua kalamu, au mwambie mtoto akuandikie.

Tunaanza na siagi ya njugu. Kaanga njugu zako kwenye sufuria kavu, moto mdogo, ukikoroga bila kuondoka, mpaka ziive na ganda jekundu lianze kubambuka. Ziache zipoe, zifikiche kwa viganja, kisha zipepete kwa ungo. Zitie kwenye kinu au blenda. Hapa panataka subira. Kwanza zitakuwa unga. Ukiendelea, unga utaanza kushikana madonge, nawe utasema mbona imeharibika. Haijaharibika. Endelea kutwanga. Njugu itaanza kutoa mafuta yake yenyewe, madonge yatalegea, na mwisho utapata siagi laini inayong'aa. Usitie maji hata tone, yataifanya ikazane na kuoza upesi. Na korosho ni vivyo hivyo.

Sasa vipimo. Siagi ya njugu au korosho, kikombe 1. Sukari, nusu kikombe. Au punguza zaidi, uongeze tende chache zilizolowekwa na kupondwa. Unga wa mchele, nusu kikombe. Yai 1. Ufuta vijiko 3 vya chakula, uliokaangwa kidogo mpaka unukie. Mbegu za maboga vijiko 3, zilizokaangwa na kukatwakatwa. Iliki ya kusaga nusu kijiko cha chai, beking pauda nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo.

Piga yai na sukari. Tia siagi, changanya. Tia vikavu vyote, changanya tena kwa mwiko mpaka vishikane. Ikiwa mchanganyiko ni mkavu na unapasuka, ongeza tui zito kijiko 1. Liache bakuli kama robo saa, ili unga wa mchele unywe unyevu. Usipofanya hivyo utausikia kama mchanga kwenye meno. Kisha finyanga viduara vidogo, vibonyeze kwa uma, mwagia ufuta juu.

Mwenye oveni, nyuzi joto 180, dakika 10 hadi 12. Asiye na oveni asivunjike moyo. Chukua sufuria kubwa nzito, tandaza mchanga mkavu chini, iweke motoni ipate joto. Weka sahani ya bati yenye biskuti juu ya mchanga, funika, kisha weka makaa machache juu ya kifuniko. Moto chini mdogo, moto juu mdogo. Ni ule ule moto wa juu na chini wanaouokea mkate wa sinia. Chungulia baada ya dakika 10. Kingo zikianza kuwa na rangi ya dhahabu, epua.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: biskuti ikitoka motoni ni laini, ukiishika inavunjika. Kwa nini? Kwa sababu gluteni ya kuishika haimo. Kinachoishika ni yai na mafuta ya njugu, na hayo hukaza yakipoa. Basi iache kwenye sahani yake mpaka ipoe kabisa, ndipo uinyanyue. Ziache zipoe. Narudia, ziache zipoe.

Jambo jingine dogo. Ukitumia mbegu za alizeti badala ya za maboga, pamoja na beking pauda, unaweza kukuta kesho yake biskuti ina rangi ya kijani ndani. Usiogope, usitupe. Si ukungu. Alizeti ina kemikali ya asili inayobadilika rangi ikikutana na beking pauda. Haina madhara. Kama rangi hiyo inawatisha watoto, punguza beking pauda au tumia mbegu za maboga.

Lakini kuna ukungu wa kweli ambao lazima tuuogope. Wasikilizaji, tunaishi pwani, na pwani ina unyevu. Njugu zisizokauka vizuri, au zilizowekwa kwenye gunia chini sakafuni, zinashikwa na kuvu, na kuvu ile inatoa sumu inayoitwa aflatoksini, sumukuvu. Sumu hii inaharibu ini. Mwaka 2004, kule Makueni na Kitui, watu zaidi ya 100 walifariki kwa kula mahindi yaliyokuwa na sumu hiyo. Kukaanga hakuiondoi. Kuoka hakuiondoi. Kinachosaidia ni kuchagua. Mwaga njugu kwenye ungo mchana wa jua, kaa chini, chambua moja moja. Iliyokunjamana, toa. Iliyobadilika rangi, toa. Iliyotobolewa na wadudu, toa. Ukitafuna moja ikawa chungu, iteme, na uzitazame upya zote. Na ukizinunua zimeshasagwa kuwa unga au siagi, muulize muuzaji amezipata wapi na amezichambuaje, maana njugu mbovu ikishasagwa haionekani tena.

Na anayetumia unga wa muhogo badala ya mchele, hakikisha umetoka kwenye muhogo mtamu kama kibandameno, au muhogo uliomenywa, ukalowekwa na kuanikwa sawasawa. Muhogo mchungu una sumu yake, na haraka haifai hapo.

Vilevile, wapo watu ambao njugu au korosho zinawadhuru vibaya, uso unavimba na pumzi inabana. Ukimpa mgeni biskuti hizi, mwambie zina nini. Na mtoto mdogo asipewe njugu wala mbegu nzima, zisije zikampalia. Sisi tumezisaga na kuzikata, ni afadhali.

Tumalizie na upande wa riziki, maana najua vijana na vikundi vya akina mama wananisikiliza.

Korosho ya Kwale ina safari ndefu. Mkorosho uliletwa pwani hii na Wareno, nao waliutoa Brazili. Mwaka 1975 kikaanzishwa kiwanda cha kubangua korosho kule Kilifi, wakulima wa pwani nzima wakapata mahali pa kuuzia. Kiwanda kile kilifungwa katika miaka ya 1990, na mikorosho mingi ikaachwa bila kupogolewa, mingine ikakatwa kuni. Mwaka 2009 serikali ikapiga marufuku kupeleka nje korosho ambayo haijabanguliwa, kusudi kazi ya kubangua ibaki nchini. Hata hivyo, tuseme ukweli, mkulima wa Msambweni anayeuza korosho mbichi na ganda lake bado anapata kipande kidogo mno cha bei anayolipa mtalii kwa kipakiti kule Diani.

Na kubangua si kazi ya mchezo. Ganda la korosho lina mafuta makali, yakigusa ngozi yanachoma kama moto. Mama anayebangua hujipaka majivu au mafuta mikononi, na bado vidole vinatoka malengelenge. Ukishaiona mikono ile, huwezi tena kuiita korosho kitu cha kutafuna tu. Na katika kubangua, nyingi huvunjika. Zilizovunjika bei yake inaanguka, kwa sababu mnunuzi anataka nzima nyeupe. Lakini siagi ya korosho haiulizi kama ilikuwa nzima au nusu! Vipande vile vile vilivyokataliwa sokoni ndivyo vinavyofaa biskuti yetu. Biskuti moja yenye korosho ya Lunga Lunga, ufuta wa Kwale na iliki, ikiuzwa Diani kwa jina la hapa hapa, inamrudishia mama yule sehemu ya jasho lake.

Ila biashara hii inataka uaminifu. Mgeni mwenye siliaki akikuuliza, hizi zina gluteni? jibu lako linaingia tumboni mwake. Kipimo kinachokubalika kimataifa ni kwamba chakula cha kuitwa hakina gluteni kisizidi miligramu 20 za gluteni katika kilo nzima. Ni kidogo sana. Chekeche uliyochekechea ngano ya mahamri asubuhi, ukaikung'uta tu ukachekechea mchele, imeshaharibu kazi. Kibao cha chapati vilevile. Mashine ya kusagia iliyotoka kusaga ngano vilevile. Basi zitengee biskuti hizi chekeche yake, mwiko wake, bakuli lake, na siku yake ambayo ngano haifunguliwi jikoni. Kama huwezi hayo, uza biskuti zako kwa jina la biskuti za korosho na ufuta, useme wazi kwamba jikoni kwako ngano hupikwa. Hilo si aibu. Aibu ni kumuumiza mtu kwa sababu ya karatasi ya "hazina gluteni" uliyobandika. Na ukishaanza kufunga pakiti, fuata taratibu za afya ya umma za kaunti, na utafute alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Wasikilizaji, muda wangu umekwisha, turudie kwa ufupi. Gluteni ni ile protini ya ngano inayovutika. Mwenye siliaki aiache kabisa, lakini apime kwanza ndipo aache. Kuondoa ngano si afya yenyewe. Tia njugu, korosho, ufuta na mbegu za maboga. Chambua njugu zako juani. Na anayeuza aseme kweli.

Kazi ya wiki hii ni nyepesi. Boga la kwanza utakalokata, usitupe mbegu. Zioshe, zianike, zikaange na chumvi kidogo, uziweke kwenye chupa yenye kifuniko. Ukishakuwa nazo, nusu ya biskuti imeshapatikana.